Kutoka Osaka hadi Nyarugusu: Betri, Redio na Giza la Maduara

Nyarugusu ninayoizungumzia hapa si kambi ya wakimbizi iliyoko Kasulu, mkoani Kigoma, ingawa kambi hiyo ndiyo iliyolipeleka jina hili katika vyombo vya habari vya dunia tangu mwaka 1996. Ninaizungumzia Nyarugusu ya Geita, kata ya wachimbaji wa dhahabu, ambayo kabla ya Mkoa wa Geita kuanzishwa mwaka 2012 ilihesabiwa kuwa sehemu ya Mwanza. Wanafunzi wangu hunitazama kwa mashaka ninapowaambia kwamba historia ya mahali hapa haikamiliki bila kuitaja kampuni moja ya Kijapani ambayo haikuwahi kumiliki duara hata moja. Kampuni hiyo ni Matsushita Electric, ambayo leo huitwa Panasonic, na ambayo wazazi wetu waliijua kwa neno moja lililochapishwa kwenye betri na redio zao: National.

Hoja yangu ni nyepesi. Mchimbaji mdogo anayeshuka ardhini anahitaji kamba, nyundo na tindo, matimba ya kuzuia kuta zisimwangukie, na mwanga. Kamba na matimba vilipatikana katika misitu ya jirani. Chuma nacho kilikuwa na wenyewe: eneo hili ni sehemu ya Uzinza wa kale, na wahunzi wa Kirongo walisifika kwa kuyeyusha na kufua chuma kabla Mjerumani hajafika. Lakini mwanga wa kubebwa kichwani, usiomeza hewa kama kibatari na usiozimwa na unyevu wa shimo, hakuna aliyeweza kuufua hapa. Mwanga huo ulikuja umefungwa ndani ya kopo dogo la zinki, na historia ya kopo hilo inaanzia mbali.

Konosuke Matsushita alizaliwa mwaka 1894 katika kijiji cha Wasa, jimbo la Wakayama. Baba yake alifilisika kwa kubahatisha bei ya mchele, na mtoto akapelekwa Osaka akiwa na umri wa miaka tisa kuwa mwanagenzi katika duka la majiko ya mkaa, kisha katika duka la baiskeli. Shule aliiachia njiani. Mwaka 1910 aliajiriwa na kampuni ya umeme ya Osaka, na mwaka 1917 akaacha kazi kwa sababu wakuu wake hawakujali soketi ya taa aliyoibuni. Mwezi Machi 1918 alianzisha karakana yake mwenyewe pamoja na mkewe Mumeno na shemeji yake Toshio Iue, ambaye baada ya vita angeanzisha kampuni ya Sanyo.

Kilichomtajirisha ni taa ya baiskeli. Taa za betri za wakati huo zilizimika baada ya saa chache tu, na waendesha baiskeli walirudia mishumaa na mafuta. Mwaka 1923 Matsushita alitoa taa yenye umbo la risasi iliyoweza kuwaka kwa saa 30 hadi 40. Wenye maduka hawakumwamini. Hakubishana nao: aliwaachia taa zikiwa zinawaka, wazihesabie saa wenyewe. Mwaka 1927 akatoa taa ya pembe nne na kuipa jina la National, na ili watu waizoee akagawa taa 10,000 bure. Nataka msomaji azingatie jambo hili: jina lililokuja kuandikwa kwenye redio za vijijini kwetu lilizaliwa likiwa jina la taa ya mtu wa kawaida anayerudi nyumbani usiku kwa baiskeli. Sioni ajabu kwamba lilikubalika Usukumani, nchi ya baiskeli.

Mambo mawili ya miaka iliyofuata yanawahusu hasa wasomaji wangu walio katika vyama vya wafanyakazi. Mdororo wa uchumi ulipoikumba Japani mwishoni mwa mwaka 1929, maghala ya Matsushita yalijaa bidhaa zisizonunuliwa. Wasaidizi wake walimshauri apunguze wafanyakazi nusu. Yeye akapunguza uzalishaji nusu, akawafanyisha watu kazi nusu siku kwa mshahara kamili, na kuwataka wote watoke kwenda kuuza. Katika muda wa kama miezi miwili maghala yakawa matupu. Jambo la pili ni la mwaka 1946. Wakati wa vita kampuni yake ilikuwa imelitumikia jeshi, hadi kutengeneza meli na ndege za mbao, na utawala wa Marekani ulipoikalia Japani ulimweka katika orodha ya wakuu wa viwanda waliopaswa kuondolewa. Waliokusanya saini kumtetea ni wanachama wa chama cha wafanyakazi cha kampuni yake. Simfanyi mtakatifu. Aliyeunda ndege za vita, hata za mbao, ana la kujibu mbele ya watu wa Asia. Ila sikumbuki katika nchi yetu chama cha wafanyakazi kilichowahi kuandamana ili meneja asiondolewe, na tofauti hiyo inastahili kuchunguzwa kwa utulivu.

Kati ya matukio hayo kuna falsafa. Tarehe 5 Mei 1932 Matsushita aliwakusanya wafanyakazi wake na kuwaeleza mpango wa miaka 250. Sisi baadaye tungejitungia mipango ya miaka 5 na kuiona mirefu. Mfano alioutumia ulikuwa wa bomba la maji. Maji ya bomba yana thamani, yamegharimu fedha kusafishwa na kusambazwa, lakini mpita njia maskini akiyanywa hakuna anayemkemea, kwa kuwa ni mengi na ni rahisi. Kazi ya kiwanda, alisema, ni kuzifanya bidhaa ziwe nyingi na rahisi kama maji hayo. Mwaka huohuo alinunua hataza muhimu za redio zilizokuwa zikiwabana watengenezaji, kisha akaziacha zitumiwe na wote bila malipo, hata na washindani wake.

Nimewahi kuueleza mfano huo kwa wachimbaji katika mwalo mmoja wa Nyarugusu, pale wanapoosha mchanga wa dhahabu. Walicheka. Katika maeneo ya machimbo maji hununuliwa kwa ndoo na dumu, na anayekunywa ya mwenzake bila kuomba hukemewa vikali. Betri ilitufikia kabla ya bomba, na aliyeitamani dunia ambamo redio ni rahisi kama maji angeshangaa kuona mahali ambapo redio ilitangulia maji kwa miaka mingi.

Sasa nirudi kwetu. Mwaka 1966 Matsushita ilianzisha kampuni tanzu jijini Dar es Salaam, Matsushita Electric (East Africa), na kiwanda chake kikajengwa kando ya Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere. Kilitengeneza betri kavu na kuunganisha redio. Sababu zake hazikuwa za huruma. Mpango wetu wa kwanza wa miaka mitano, wa 1964 hadi 1969, ulihimiza viwanda vya kuzalisha ndani bidhaa zilizokuwa zikiagizwa kutoka nje, na aliyejenga kiwanda ndani ya ukuta wa ushuru alijihakikishia soko. Betri inafaa sana kwa mpango wa namna hiyo. Ni nzito kuisafirisha kwa meli ukilinganisha na bei yake, huharibika ikikaa muda mrefu, na mnunuzi hurudi dukani kila inapokwisha. Ukiipasua utakuta kopo la zinki, unga mweusi wa manganizi na fimbo ya kaboni katikati. Mashine za kuijaza na kuifunga hazihitaji jeshi la wahandisi.

Mwaka huohuo wa 1966 mgodi mkubwa wa Geita ulifungwa. Ulikuwa umechimbwa tangu miaka ya 1930, ukitoa jumla ya takriban wakia milioni moja za dhahabu, na katika zama zake ulikuwa mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki. Mgodi ule ulikuwa na umeme wake na taa zake. Ulipofungwa, ukanda huu ukabaki na mawe, watu na giza. Siwezi kudai kwamba matukio haya mawili yalisababishana, na mwanafunzi atakayeandika hivyo katika mtihani wangu atapoteza alama. Ninachosema ni kwamba tangu hapo uchimbaji wa dhahabu hapa uliendelea mikononi mwa watu wasio na jenereta, na chanzo chao cha mwanga kikawa kile kilichouzwa dukani viwili viwili.

Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha. Mabenki, vinu vya nafaka na kampuni kubwa za uagizaji vilitaifishwa Februari 1967, na serikali ikatwaa hisa za udhibiti katika viwanda kadhaa vikiwamo vya bia, sigara, viatu na saruji. Matsushita haikuwamo katika orodha ile. Kwa maoni yangu jambo hili halijajadiliwa ipasavyo na wanaoandika kuhusu ujamaa, wa upande wowote. Dola iliyotaka kudhibiti njia kuu za uchumi ilijua kuwa kiwanda cha betri bila Osaka ni banda lenye mashine. Ikaliacha banda kwa mwenyewe na kushika barabara ya kwenda dukani: bidhaa za viwandani zikasambazwa na Shirika la Biashara la Taifa, STC, na baada ya shirika hilo kuvunjwa, na kampuni za biashara za mikoa, RTC. Mjapani alitengeneza, serikali ndiyo iliyoamua kasha lipi liende Shinyanga na lipi liende Lindi.

Dola yenyewe iliihitaji betri kuliko mchimbaji alivyoihitaji. Televisheni haikuwapo Tanzania Bara hadi mwaka 1994, na magazeti yalifika vijijini yakiwa yamezeeka. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa shule, baraza na kengele ya taifa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili malaria, maji na vyoo, na Chakula ni Uhai ikafuata mwaka 1975. Ukiwaza vijiji visivyo na umeme, utaona kwamba kila kikundi kilihitaji betri kabla ya kuhitaji mwalimu. Tulisoma siasa ya kujitegemea kwa nguvu ya volti moja na nusu, zikipangwa nne au sita kwa mstari.

Katika kijiji nilichokulia, upande wa Shinyanga, redio ya kwanza ilinunuliwa na mjomba wangu kwa fedha ya pamba. Ilivishwa koti la ngozi lenye matundu mbele ya spika, ikawekwa juu ya kigoda chini ya mwembe, na watoto tulikatazwa kuigusa. Ilifunguliwa kwa taarifa ya habari, matangazo ya vifo na salamu, kisha betri zikatolewa ili zisiishe bure. Zilipochoka zilianikwa juani juu ya bati. Zikipata joto huamka kidogo, za kutosha taarifa moja zaidi. Zilipokufa kabisa zilipasuliwa, na unga wake mweusi tukautumia shuleni, ukichanganywa na majani yaliyopondwa, kupaka ubao. Nimefundishwa kuandika kwenye masalia ya betri. Tangazo la vita vya Kagera mwaka 1978 na la kifo cha Sokoine, Aprili 1984, yote mawili tuliyapokea chini ya mwembe ule.

Kati ya matangazo hayo mawili tulipitia miaka migumu. Fedha za kigeni zilikwisha, viwanda vingi nchini vikafanya kazi kwa sehemu ndogo ya uwezo wake, na betri ikaingia katika orodha moja na sabuni, sukari na kanga: vitu vya foleni na vya chini ya kaunta. Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 ulizitoa bidhaa mafichoni kwa muda, haukutengeneza mpya. Wazee wa Nyarugusu walinieleza kwamba katika miaka hiyo bei ya jozi ya betri porini ilipimwa kwa vipande vya dhahabu, na kwamba waliokosa walirudia vibatari, wakashuka navyo hadi hewa ilipowakatia. Sina takwimu za waliokufa kwa moshi, na sidhani kama kuna aliyezihifadhi. Wachimbaji wale machoni pa sheria walikuwa hawapo, na asiyekuwapo hafi.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walizitoa wapi, na mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo kwa bei ya kuvutia. Kati ya hatua hizo mbili Nyarugusu ilibadilika. Ikawa mji wa rashi: watu kutoka Tabora, Mara na Kagera, maduara mamia, makarasha yakiunguruma, maduka ya mabati. Mchimbaji alikifunga kurunzi kichwani kwa mpira wa ndani wa baiskeli, akashuka. Redio za kaseti zilipiga muziki usiku kucha juu ya mashimo. Nadhani hakuna kundi la Watanzania lililokula betri nyingi kwa kichwa kimoja kuliko wachimbaji wa ukanda huu katika miaka ile.

Redio hiyohiyo iliyotufundisha kuchemsha maji ilikuja pia kuwafukuza watu. Mwishoni mwa Julai 1996, amri ya serikali iliyowataka wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu, katika Wilaya ya Kahama, waondoke ilitangazwa, na wengi waliisikia redioni. Baadhi yao walihamia Nyarugusu na vijiji vya jirani. Mzee mmoja aliniambia alilisikiliza tangazo lile akiwa amekaa juu ya matimba, akazima redio, akatoa betri, akaziweka kwenye kurunzi, kwa kuwa safari ilikuwa ya usiku.

Kuhusu kampuni yenyewe katika miaka ya karibuni nitasema kwa ufupi. Jina la Matsushita liliachwa Oktoba 2008 na kampuni yote ikaitwa Panasonic, jina lililokuwa likitumika katika masoko ya nje tangu mwaka 1955, National ikazikwa. Falsafa ya mwaka 1929 ya kutofukuza mtu haikustahimili: mwanzoni mwa miaka ya 2000 maelfu ya wafanyakazi nchini Japani waliondoka kwa kustaafu mapema. Simu za mkononi, ambazo Wajapani walizitengeneza kwa ustadi mkubwa kwa ajili ya soko lao wenyewe, ziliwashinda kuziuza duniani, na mwaka 2013 kampuni iliacha kutengeneza televisheni za plazma baada ya kupata hasara kubwa miaka miwili mfululizo. Kwetu betri za bei nafuu kutoka China zilijaza maduka. Kule Nakuru, kiwanda cha Eveready, kilichokuwa jirani na mshindani wa miaka mingi, kilifungwa mwaka 2014. Somo la ulinzi wa viwanda katika soko la pamoja ninaliacha kwa maofisa wa wizara husika, ambao wana majedwali kuliko mimi.

Linalonishughulisha zaidi ni kilichobaki ardhini. Betri kavu za zamani zilitiwa zebaki kidogo ili zinki isiliwe haraka. Wajapani waliiondoa mapema miaka ya 1990. Hawakufanya hivyo kwa hisani. Walikuwa na Minamata, mji wa wavuvi ambako kiwanda cha kemikali cha Chisso kilimwaga zebaki baharini, ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956, na wagonjwa na familia zao wakapambana mahakamani na barabarani kwa miongo mingi hadi jina la mji wao likawa jina la mkataba wa dunia wa mwaka 2013. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2020.

Katika mialo ya Nyarugusu zebaki bado inashikwa kwa mkono mtupu, inachanganywa na mchanga uliosagwa na kuchomwa juu ya mkaa, mara nyingi karibu na jiko la chakula. Ikilinganishwa na zebaki hiyo, ile iliyokuwa katika betri ni tone baharini. Lakini njia ni ileile: hakuna aliyewahi kuja kukusanya betri zilizokufa, wala muuzaji, wala mwagizaji, wala halmashauri. Zilitupwa katika maduara yaliyokwisha, na mvua ya masika huyajaza maduara hayo.

Leo nguzo za umeme zimefika, makarasha mengi yanazungushwa na mota, na mchimbaji hushuka na taa ya kuchaji inayofungwa kwa mkanda wa kiwandani. Redio imo ndani ya simu. Tuna kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki za mwaka 2021, zinazomtaka mtengenezaji na mwagizaji kubeba sehemu ya mzigo. Kila nilipopita katika kata za machimbo nimemuuliza mtendaji swali moja, nalo ni wapi mwananchi apeleke betri iliyokufa. Wawili walinijibu kwa heshima kwamba watauliza wilayani. Wa tatu alinionyesha dampo lililo nyuma ya ofisi, na juu kabisa ya lundo lilikuwapo kopo la zinki lililopasuka, unga wake umelowa, bado likiwa na herufi nyekundu zinazosomeka nusu.